Kijiji Kina Ardhi, Mtaa Una Muhuri

Halmashauri ya Mji wa Njombe ina kata 13. Jirani yake, Halmashauri ya Mji wa Makambako, ina kata 12. Kwa majina zote ni miji, lakini ukiondoka katikati, penye maduka, stendi na maghala ya mbao, hukawii kufika kwenye mashamba ya viazi, misitu ya misindano na miche ya parachichi. Kata kama Uwemba, Luponde na Kifanya upande wa Njombe, au Kitandililo na Mahongole upande wa Makambako, ni mashambani hasa, ingawa zinahesabiwa ndani ya mji. Kwa sababu hiyo halmashauri hizi mbili zina wananchi wa namna mbili. Kuna wanaoishi katika mitaa, na kuna wanaoishi katika vijiji. Wote wana diwani, wote wako chini ya mkurugenzi wa mji, wote hulipa ushuru kwenye mfuko mmoja. Lakini siku ya mkutano wa wakazi ikifika, mmoja anakwenda kwenye kikao chenye nguvu ya kisheria ya kukubali na kukataa, mwingine anakwenda kusikiliza matangazo. Tofauti hiyo haizungumzwi sana, nami naona ndiyo inayoeleza kwa nini ushiriki wa wananchi katika miji yetu umekuwa mwembamba kiasi hiki.

Tuanze na kijiji. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 inakitambua kijiji kilichosajiliwa kuwa chombo kamili. Kinaweza kumiliki mali, kushitaki na kushitakiwa kwa jina lake, na kutunga sheria ndogo zake. Kina halmashauri ya wajumbe 15 hadi 25, na juu ya halmashauri hiyo upo mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, bila kujali chama wala kipato. Kisha ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, ikaikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi yote ya kijiji na kuifunga isigawe ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa iwe ya aina nyingine, na ukubwa wake ni chini ya hekta 250, mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo uamuzi ni wa waziri, lakini baada ya kupokea pendekezo la mkutano huo. Katika mkoa ambao watu kutoka mbali wanakuja kutafuta ekari za kupanda miti na parachichi, hilo ni jambo zito. Mwenye fedha zake anayetaka kipande cha ardhi ya kijiji hana budi kusubiri watu wakae, waulizane, na wanyooshe mikono.

Sasa tutazame mtaa. Sheria Na. 8 ya mwaka huohuo wa 1982, inayohusu mamlaka za miji, pamoja na marekebisho yake, inaupa mtaa mwenyekiti, kamati ndogo ya wajumbe wachache, na afisa mtendaji anayeajiriwa na halmashauri. Kazi za kamati hiyo ukizisoma taratibu utaona vitenzi vyake: kutekeleza sera za halmashauri, kuishauri halmashauri juu ya mipango ya maendeleo, kuishauri juu ya ulinzi na usalama, kutunza kumbukumbu za wakazi. Kutekeleza, kushauri, kutunza. Kitenzi cha kuamua hakimo. Mtaa hauna ardhi unayoisimamia, na halmashauri ya mji hailazimiki kufuata ushauri wake. Alichonacho mwenyekiti ni muhuri, na kwa mkazi wa kawaida muhuri huo ndio serikali ya mtaa yenyewe: barua ya utambulisho kwa ajili ya benki, polisi, kitambulisho cha taifa, dhamana ya mahakamani, au mauziano ya kiwanja. Ni huduma muhimu, siibezi. Lakini mtu anayefika ofisi ya mtaa mara moja kwa mwaka kugongewa muhuri hajashiriki katika kutawala. Amehudumiwa, basi.

Viongozi wengi wa miji hulalamika kwamba wananchi hawaji mikutanoni. Kipaza sauti hupita tangu asubuhi, tangazo hubandikwa ubaoni, na saa ikifika wanaokaa kwenye mabenchi ni wazee wachache na akina mama wawili watatu. Maelezo yanayotolewa ni kwamba watu wa mjini wako bize, hawana mwamko, wanahitaji elimu ya uraia. Mimi sikubaliani na maelezo hayo. Mwananchi huyohuyo anayesemwa hana mwamko utamkuta kwenye kikao cha kikoba kila wiki bila kukosa, kwenye mkutano wa wazazi shuleni, kwenye kamati ya harusi au ya msiba, na huko anauliza maswali makali juu ya kila shilingi. Anakwenda kwa sababu kuna kitu chake mezani. Mtaani haendi kwa sababu ameshajifunza kwamba atakachosema hakitabadilisha kitu. Mkutano ukipewa jambo la kuamua, hali hubadilika. Mfano ulio wazi ni mpango wa kunusuru kaya maskini wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF). Utaratibu wake unataka majina ya kaya yatajwe na yathibitishwe mbele ya mkutano wa wakazi, iwe kijijini au mtaani. Siku hiyo mkutano una kazi: nani anastahili, nani ana ng'ombe na bado ameandikwa, bibi yupi amesahaulika. Urasimishaji wa makazi nao ulifanya hivyo hivyo. Wakazi walipoambiwa wachague kamati yao, wakubaliane mahali barabara itakapopita, na wachangie upimaji wa viwanja vyao, mtaa ulipata ajenda yenye uzito ambayo haujawahi kuwa nayo.

Mtu atauliza, kwa nini basi sheria ilikipa kijiji vingi na mtaa kidogo? Jibu liko kwenye historia. Mwaka 1972, chini ya mpango uliopewa jina la Madaraka Mikoani, serikali za mitaa zilivunjwa nchi nzima na kazi zake zikachukuliwa na maofisa wa mikoa na wilaya. Vijiji vilipewa sheria yao mwaka 1975, katika harakati za ujamaa, kwa sababu kijiji kilitazamwa kama kiini cha uzalishaji. Miji haikuwa na nafasi ya namna hiyo katika fikra za wakati ule. Huduma mijini zilipodorora, ilibidi serikali za mitaa zirudishwe, na sheria za mwaka 1982 zilipoanza kufanya kazi, kijiji kiliingia kikiwa na mwili wake tayari. Mtaa uliongezwa baadaye kama mkono wa halmashauri ya mji. Huku chini kabisa walikuwapo mabalozi wa nyumba kumi, mfumo wa chama uliojengwa tangu miaka ya 1960, na hata baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992 wakazi wengi waliendelea kuwachanganya balozi wa chama na mwenyekiti wa mtaa. Mfano huo wa balozi, mtu wa kupeleka habari juu na kuleta maagizo chini, umeacha alama kwenye kiti cha mwenyekiti hadi leo.

Nchi iligundua kosa la mwaka 1972 na ikalisahihisha hadi kwenye Katiba. Ibara ya 145 inaagiza kuwepo kwa vyombo vya serikali za mitaa, na ya 146 inasema shabaha yake ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Madaraka, siyo taarifa. Lakini fedha zimekuwa zikienda njia nyingine. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003, na hakuna anayeililia, kwa kuwa ilikuwa kero na watu walikimbizana nayo porini. Ila iliondoka pamoja na fungu ambalo vijiji vilibakiziwa, na ahadi ya kurejesha asilimia 20 ya makusanyo kwa vijiji imebaki kuwa malalamiko ya kudumu katika halmashauri nyingi. Kisha mwaka 2021 kodi ya majengo ikahamishiwa kwenye mita za umeme, ikianza na Sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kwa ukusanyaji ni njia rahisi. Kwa uraia imekata uzi mmoja muhimu. Mwenye nyumba wa kata ya Mwembetogwa au Mjimwema analipa kodi ya nyumba yake kila anaponunua umeme, na hajui ni ofisi gani aiulize shilingi ile imerudi kwake kwa sura gani. Mtu asiyejua kodi yake imekwenda wapi, utamwitia mkutano wa kujadili nini?

Kilichojaza nafasi hiyo ni michango. Katika nyanda hizi za juu watu wamezoea kujitolea, na shule nyingi zimesimama kwa tofali za wananchi wenyewe. Utaratibu unajulikana: wananchi wanainua boma, serikali inamalizia. Ndiyo maana neno ushirikishwaji, likitajwa mtaani, watu wengi husikia moja kwa moja "toeni fedha." Hili limeharibu sana jina la ushiriki. Serikali ilipotangaza elimu bila ada kuanzia Januari 2016, na rais alipopiga marufuku michango ya lazima mashuleni mwaka 2018, wazazi walishusha pumzi, lakini pia kikao kikapoteza kitu pekee kilichokuwa kikiwakutanisha. Kuchangia bila kuamua ni kodi isiyo na risiti. Ukweli ni kwamba mwananchi anayeweza kubeba mchanga anaweza pia kusema darasa lijengwe wapi, na kama kweli ni darasa linalotakiwa au ni daraja la watoto kuvukia kwenda shuleni.

Hapo linakuja pingamizi la kwanza, nalo nalichukua kwa uzito. Ukiupa mtaa fedha, inasemwa, wajanja watazila. Wenyeviti hawalipwi mshahara, posho yao ni ndogo na haina uhakika, na tayari wapo wanaosikika wakidai hela ya muhuri. Nani atawadhibiti? Hofu hiyo ina msingi, lakini tazama kilichofanyika katika ujenzi wa madarasa mwaka 2021 na 2022, kwa fedha za kukabiliana na athari za UVIKO-19. Kila darasa lilitengewa Sh milioni 20, kazi ikafanywa na mafundi wa mahali palepale, na kamati za wakazi wenyewe zikasimamia manunuzi, kupokea vifaa na kufuatilia ujenzi. Madarasa 15,000 yalipangwa kujengwa nchi nzima kwa miezi michache. Hitilafu zilikuwepo na wakaguzi walizitaja, kama zilivyokuwepo siku zote kwenye zabuni kubwa za makandarasi. Tofauti ni kwamba mfuko wa saruji ukipotea mtaani, majirani wanajua uliingia kwenye nyumba ya nani. Fedha ikiliwa makao makuu ya halmashauri, mwananchi wa kata ya Lyamkena atasikia habari hiyo baada ya ripoti ya Mkaguzi Mkuu kufika bungeni, mwaka mzima baadaye. Wizi mdogo unaoonekana ni rahisi kuukomesha kuliko mkubwa uliojificha ndani ya vitabu. Isitoshe, mwenyekiti asiyelipwa na asiye na bajeti ya kalamu na karatasi amewekwa njia panda: ama ajitolee hadi achoke, ama atafute riziki yake kwenye muhuri. Kumlipa posho ya uhakika kutoka mapato ya ndani ni gharama ndogo kuliko tunazozilipa sasa.

Pingamizi la pili ni la wataalamu wa mipango miji. Mji, wanasema, ni mwili mmoja. Bomba la maji, mfereji wa maji ya mvua, dampo na barabara havijui mpaka wa mtaa, na kila mtaa ukiamua lake mji utakuwa viraka. Makambako inawapa hoja hasa. Mji huu ulikua kwa sababu ya njia: barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma, tawi la kushuka Njombe na Songea, na stesheni ya reli ya TAZARA. Maegesho ya malori, soko la mazao na stendi ni mambo ya mji mzima, hata ya mikoa jirani, na mtaa mmoja hauwezi kuyaamua peke yake. Nakubali. Lakini hoja hiyo inathibitisha kwamba baadhi ya mambo ni ya ngazi ya mji. Haithibitishi kwamba yote ni ya huko. Taa ya kona yenye giza, uchochoro usiopitika masika, kisima, ratiba ya kuzoa taka, uwanja wa watoto, ulinzi wa usiku, haya hayahitaji baraza la madiwani. Na hata yale makubwa yana sura ya mtaa. Dampo lazima likae jirani na watu fulani, na watu hao wana haki ya kusikilizwa kabla ya ramani kugongwa muhuri. Kamati ya maendeleo ya kata, ambayo diwani ni mwenyekiti wake na wenyeviti wa mitaa na vijiji ni wajumbe, ndiyo mahali pa kupatanisha yaliyo ya mtaa na yaliyo ya mji. Chombo kipo. Kinachokosekana ni mtaa kuingia pale ukiwa na uamuzi wa wakazi mkononi badala ya maombi.

Liko jambo moja la Njombe linalonifanya nione kwamba suala hili halihusu taratibu za vikao tu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 50.4 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Njombe wamedumaa, moja ya viwango vya juu kabisa nchini. Huu ni mkoa unaolisha wengine viazi, mahindi, maharage, maziwa na matunda. Chakula kipo, watoto wamedumaa. Tatizo la namna hiyo haliondolewi kwa waraka kutoka ofisini, kwa sababu limejificha kwenye maisha ya kila nyumba: mama anashinda shambani au kiwandani, mtoto anabaki na uji mwepesi, mazao bora yanauzwa yote, maji si salama. Wilaya zimeanzisha siku za afya na lishe za kijiji, ambako watoto hupimwa na wazazi hujadiliana kila robo mwaka. Kijijini siku hiyo ina mahali pa kushika, kwa kuwa halmashauri ya kijiji inaweza hata kuweka sheria ndogo juu ya chakula cha shule. Mjini, mtoto wa mpangaji wa chumba kimoja anahesabiwa kwa shida, maana daftari la wakazi lenyewe haliendi na kasi ya watu kuhamia. Idadi ya watu wa mkoa ilitoka 702,097 katika sensa ya 2012 hadi 889,946 mwaka 2022, na sehemu ya ongezeko hilo imeingia kwenye mitaa hii isiyo na meno.

Pingamizi la tatu ndilo gumu, nalo ni la siasa. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 2019 vyama vikuu vya upinzani viliususia, na ule wa tarehe 27 Novemba 2024 uliisha kwa chama tawala kutangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 98 ya mitaa nchini, huku wapinzani wakilalamikia kuenguliwa kwa wagombea wao. Wapo wanaosema kwamba katika hali hiyo kuzungumzia madaraka ya mtaa ni kupoteza muda, kwani kamati itakuwa tawi la chama tu. Ushindani wa haki ni lazima, na palipo na malalamiko ya wagombea kuondolewa yafaa yajibiwe kwa ushahidi. Ila naamini wanaosema hivyo wanaupa uchaguzi mzigo wote na kuusahau mkutano. Uganda ilikaa tangu 2001 hadi 2018 bila kuchagua upya viongozi wa ngazi ya chini kabisa ya kijiji, na mabaraza yale yakachakaa, kwa hiyo uchaguzi si jambo la kuchezea. Lakini kura ni siku moja katika miaka mitano. Mkutano mkuu ni wa wakazi wote, mwenye kadi na asiye nayo, na sheria ikiupa mkutano huo, badala ya mwenyekiti, mamlaka ya kupitisha matumizi, hata mwenyekiti wa chama kimoja atalazimika kusimama mbele ya majirani zake na kueleza. Mtu hushawishika kupigania kiti pale tu kiti kinapokuwa na kazi ya maana.

Hatuhitaji kwenda mbali kuona hilo likifanyika. Katika kaunti ya Makueni nchini Kenya, baada ya ugatuzi kuanza mwaka 2013, gavana Kivutha Kibwana na wenzake walijenga ngazi za mikutano kuanzia kijijini hadi kaunti, miradi ikapendekezwa na kupangwa kwa umuhimu na wakazi, na kila mradi ukapewa kamati ya wananchi inayokagua kazi kabla ya mkandarasi kulipwa. Kule Kerala, India, serikali ya jimbo iliamua mwaka 1996 kwamba kati ya asilimia 35 na 40 ya bajeti ya maendeleo ishuke kwenye mabaraza ya chini, na watu wakajitokeza kwa wingi kupanga. Sehemu zote mbili zilitanguliza fungu, mahudhurio yakafuata. Sisi tumekuwa tukisubiri mahudhurio ndipo tufikirie fungu.

Kwa hiyo ninachokipendekeza kwa Njombe na Makambako ni kidogo na kinawezekana hata kabla sheria haijarekebishwa. Baraza la madiwani la kila mji litenge sehemu maalumu ya mapato ya ndani, hata iwe ndogo, igawiwe kwa mitaa kwa kanuni iliyo wazi ya idadi ya wakazi, na isitumike bila muhtasari wa mkutano uliosainiwa na kubandikwa. Taarifa ya mapato na matumizi isomwe kila miezi mitatu, kwa lugha ya Kiswahili cha kawaida, na nakala yake ikae ubaoni nje ya ofisi ya mtendaji hadi nyingine itoke. Mikutano iitwe jioni au siku ambazo wenye vibanda sokoni na wapasuaji mbao wanaweza kufika. Halafu lipo la vijiji. Miji hii inapanuka, na kila mpango wa mji unapoisogelea Kitandililo au Uwemba, usimamizi wa ardhi hutoka mikononi mwa wanakijiji na kwenda halmashauri ya mji. Siku hiyo mkutano mkuu uliokuwa na sauti juu ya kila ekari hugeuka kuwa mkutano wa kusikiliza matangazo, na mara nyingi wanakijiji hufurahia jina la mji bila kuelezwa wanachokiacha. Waelezwe mapema, kwa kirefu, na wakiwa bado na mamlaka ya kukataa.